Kiti cha Mbele Kina Mtu

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya kafuri. Ilitoka kwenye matundu ya klimu, kama Wakongo wa Misiera, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, wanavyokiita kipoza hewa cha gari, na ilitoka pamoja na hewa ya moto, ingawa swichi ilikuwa kwenye buluu hadi mwisho. Nathalie aliizungusha kushoto, akaizungusha kulia, akaipiga kofi. Moto ukabaki palepale. Kisha ikaanza kulia ile kengele inayomkumbusha abiria wa mbele afunge mkanda. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Gari kuukuu lina haki ya kuumwa, alijiambia.

Lakini klimu hiyo ndiyo iliyomlisha. Barabara ya kutoka Nakivale kwenda Mbarara ina vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno, na gari lake peke yake lilikwenda vioo vimefungwa, abiria wakashuka mjini na mashati meupe yakiwa bado meupe. Tena kulikuwa na Doriane, binti yake, mwenye pumu. Vumbi likimwingia, kifua kinabana. Nathalie alilinunua gari lile kwa ajili ya kifua hicho, hata kama mbele za watu alisema ni biashara.

Fundi wa Mbarara, chini ya kilima cha Kamukuzi, alilala chini ya gari asubuhi nzima.

"Gesi iko," alisema. "Kompresa nafanya kazi. Hii gari hapana makosa, nyabo."

"Basi sababu gani inatoa moto?"

"Labda yeye nasikia baridi." Akacheka peke yake.

Abiria walifungua vioo, navyo vikapanda tena vyenyewe, polepole, kama vinasukumwa na mtu asiye na haraka. Wakaanza kumkimbia. Stejini Misiera, Régis, dereva mwenzake, hakukosa la kusema.

"Nathalie, ile ni taksi ao ni furu? Leta unga tupike mukate."

"Weka kwanza mudomo yako ndani. Iko na moto kuliko klimu."

Mwishoni alibaki abiria mmoja tu, Apollinarie, mjane wa Kirundi. Alipanda kila asubuhi, hata kama gari haliendi popote. Alikaa nyuma, mkoba mapajani, na mtu akigusa mlango wa mbele alimwambia kwa upole, "Hapo kuna mtu."

Nathalie alijua ni mtu gani. Alichokosa ni ujasiri wa kulitaja jina.

Aloys, mume wa Apollinarie, alifia hospitalini Mbarara wakati wa mvua. Kusafirisha maiti kunataka barua na subira, na mkewe hakuwa na kimoja wala kingine. Basi wanawake hao wawili walimvisha kofia, wakampaka kafuri, wakamketisha mbele na kumfunga mkanda kama msafiri mwingine yeyote, na Nathalie akafungulia klimu hadi mwisho ili joto lisiwaumbue. Kwenye kizuizi askari aliinama dirishani.

"Huyu mzee nafanya nini?"

"Analala, afande. Malaria," alisema Nathalie.

Apollinarie akalipiga bega la mumewe kutoka nyuma. "Aloys, amka usalimie serikali. Ona haya." Askari alicheka, akawaachia.

Kwao Nathalie, kwenye milima ya Fizi huko Kongo, anayembeba maiti huzungumza naye njia nzima: umekufa, tunakurudisha, hapa ni mto, hapa njia inagawanyika. Nathalie alijua hivyo. Lakini utamwambiaje mtu kwamba amekufa wakati umetoka kumwambia askari kwamba amelala, na mbele huenda kuna askari mwingine? Walinyamaza hadi Misiera. Wakamzika siku ileile. Padri alizungumza na Mungu, majirani walizungumza na mjane. Na Aloys hakuna aliyezungumza naye.

Mchungaji Valentin aliitwa. Alikuja na mafuta ya zeituni na kipaza sauti, ingawa jini, kama lilikuwemo, lilikuwa umbali wa mkono. Aliketi kwenye usukani, akafunga mlango ili watu waone imani, akaanza kukemea. Vioo vikapanda. Vitasa vikajifunga. Watu waliosimama nje walisikia Zaburi kupitia kipaza sauti, kisha kukohoa, kisha neno moja tu, "Nifungulieni," likirudiwa na mtu mzima aliyesahau cheo chake. Mlango ulipofunguka wenyewe alitoka suti imelowa, akatangaza kwamba pepo huyo ni wa zamani sana na mwenye gari anatakiwa kufunga na kuomba.

"Tangu lini pepo inafunga mukanda?" aliuliza Nathalie.

Mchungaji aligeuka. Mkanda wa kiti cha mbele ulikuwa umefungwa, na haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umepinda hewani, kama umezunguka tumbo.

Doriane alibanwa kifua mchana wa jua kali. Dawa yake ya kuvuta iliisha, magari yote ya stejini yalikuwa njiani, na midomo yake ilianza kuwa ya kijivu. Nathalie alilitazama gari lake kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma, kisha akamlaza mtoto nyuma. Apollinarie, aliyekuwa ameketi humo tangu asubuhi, akampakata bila kuuliza.

Walikuwa wamezipita nyumba za mwisho vioo vilipopanda, vinne kwa pamoja, na vitasa vikajifunga, na matundu yakaanza kupumua, kwanza moto wa kawaida wa mchana, kisha moto wa jikoni, kisha moto ambao haukuwa na jina, wenye kafuri iliyowasha macho hadi barabara ikayeyuka mbele ya Nathalie, naye akigonga kioo kwa kiwiko na kioo kikimrudishia kiwiko chake, akisikia nyuma yake filimbi nyembamba ya kifua cha mtoto, ikipanda, ikikatika, ikipanda tena.

"Baridi," ilisema sauti kavu kutoka kwenye matundu. "Mama Doriane, ongeza moto."

Nathalie hakugeuka. "Apollinarie. Umwambie."

"Nimwambie nini? Anasikia baridi tu. Akipona atashuka."

"Mutoto wangu anakufa."

"Usiseme neno hilo mbele yake," alinong'ona mjane.

Basi Nathalie akakisemesha kiti kitupu, macho yake barabarani.

"Muzee Aloys. Ulikufa. Ulikufa Mbarara, mu kitanda ya karibu na mulango, na ni mimi nilikufunga ule mukanda. Askari alituuliza, tukamwambia unalala. Haukulala. Tulikudanganya, wewe na askari pamoja. Shuka mu gari yangu."

Mkanda ukafunguka, ukarudi taratibu mahali pake. Nathalie alithubutu kuvuta pumzi.

"Nishuke niende wapi?" ilisema sauti. "Njia siijui. Nipe mtu wa kunipeleka." Kisha ikasema tena, safari hii katikati ya viti, kama mtu aliyegeuka kutazama nyuma: "Huyu mtoto ni mwepesi."

Filimbi ya kifua ikanyamaza.

"Aloys," alisema Apollinarie. Ilikuwa sauti ya mke, si ya mjane. "Acha mtoto wa watu. Ulipokuwa mzima hukuweza kwenda hata sokoni bila mimi. Leo unatafuta watoto?" Akamgusa Nathalie begani. "Simamisha."

"Mama Apollinarie..."

"Simamisha. Na usinishukuru. Ungemwambia siku ile, saa hizi ningekuwa kwangu, nalia kama wajane wenzangu."

Nathalie akakanyaga breki. Milango miwili ilifunguka kwa pamoja, wa nyuma na wa mbele. Apollinarie alimlaza mtoto kitini, akashuka, akanyoosha kitenge chake. Joto likatoka pamoja naye. Matundu yakakohoa vumbi, kisha yakapuliza hewa ya ubaridi, na Doriane akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akalia. Nathalie alikuwa amekwisha kuondoa mguu kwenye breki.

Kundi la ng'ombe wa pembe ndefu lilikuwa likivuka nyuma yao. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma alimwona Apollinarie akiingia katikati yao, kiwiko amekitoa nje kidogo kama mtu aliyeshikwa mkono. Ng'ombe walimpisha. Waliacha nafasi pana kuliko anayohitaji mwanamke mmoja.

"Mama," alisema Doriane, pumzi ikirudi vipande vipande. "Mama Apollinarie anaenda na nani?"

"Na bwana yake. Alikufa."

Mtoto alifikiri.

"Nani alikufa? Ye ao bwana yake?"

Nathalie alitazama kioo. Pembe zilikuwa zimekwisha kuziba njia. Akakanyaga mafuta kuelekea hospitali ya Ruharo.