Kichochoro Kilichofutwa

Foleni ya duka la kopi mkabala na ofisi ya mji ilikuwa imefika barabarani. Mwenye duka, dada wa gauni la njano na miwani iliyopandishwa kichwani, aliwekewa mezani bunda la ramani kuukuu za mji na mchoraji ramani wa ofisi hiyo.

"Taratibu, dada. Hizi zina miaka tisini."

"Basi zina adabu kuliko wewe uliyeruka foleni."

Mchoraji alicheka mpaka akasahau chenji yake. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, hata bila karatasi mkononi. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akimwita "mboni yangu", naye akiitwa "Bwana Rula". Jumapili walikwenda kunywa chai kwa shangazi wa dada, aliyemlea katika kichochoro cha nyuma ya bandari.

Ndipo mpango mpya wa mji ukabandikwa kwenye ukuta wa ofisi, watu watoe maoni. Dada akatafuta kwao kwa kidole. Palikuwa pamepakwa kijani: "Eneo wazi. Hoteli." Pembeni, saini ya mpenzi wake.

Akampigia palepale. "Umechora wewe?"

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Nilikichora kichochoro chenu kama kilivyo. Mkuu akaniambia nikifute, nikakifuta. Niliogopa."

"Kwa hiyo mimi nimelelewa hewani? Ulikunywa chai ya shangazi ukiwa umeshamfuta!"

Akakata. Simu kumi na saba zilizofuata hakupokea hata moja. Hasira haikumliza, ilimtia kazini. Alitoa kopi mia mbili za ramani ya zamani, zenye kichochoro na nyumba zake zote, akaandika juu "SISI HAPA", akagawa mlango kwa mlango.

Siku ya mkutano wa kutoa maoni, ukumbi ulifurika. Mkuu wa mipango, tai imembana shingo, akasema, "Hapo hapana makazi."

Shangazi akainuka. "Na mimi ninayesimama hapa, mwanangu, ni kivuli?"

Kwenye meza ya maofisa mchoraji naye akainuka, shati limelowa jasho. "Makazi yapo. Nilipima mwenyewe nyumba ishirini na moja. Nilizifuta mimi, na aliyeniagiza ni huyu."

Ukumbi ukalipuka. Mpango ulirudishwa, eneo likapimwe upya. Mchoraji alifukuzwa kazi wiki ileile.

Dada alimkuta kwenye ngazi za ofisi, boksi la vitu vyake mapajani.

"Usidhani nimekusamehe kwa sababu umefukuzwa."

"Sidhani."

"Umenidanganya, kisha umesema kweli mbele ya watu. Vyote viwili nitavikumbuka."

"Nataka kukuoa. Hata ukivikumbuka kila siku."

Dada akalichukua boksi. "Mimi umenipata. Kazi iko kwa shangazi."

Shangazi alimwacha amesimama mlangoni.

"Nyumba hii uliifuta kwa muda gani?"

"Dakika mbili, shangazi."

"Ingia, kaa. Utanieleza uliwaza nini dakika zote mbili."

Akavua viatu, akaingia.