Jina Alilolitaja Fidélie

Siku ya soko, kivuko cha Alunguli hakina adabu. Pikipiki, mbuzi, vidumu vya mawese, akina mama na mizigo yao, wote wanataka kuvuka Lualaba kwa mtumbwi uleule wa injini. Fidélie alikuwa amevaa liputa la buluu lenye maua ya manjano, mkoba wa madaftari ya wanafunzi begani. Alipoteleza kwenye tope, mwanamume mmoja akamdaka kiwiko.

"Polepole, Mama! Huu muto hauna huruma."

"Aksanti, Pa..."

Hakumaliza. Miaka ishirini na mbili ilikuwa imepita. Shati la yule mwanamume lilijaa vumbi jekundu la barabara ya machimbo ya Kama na ndevu zilianza mvi, lakini macho yalikuwa yaleyale. Alikuwa Florentin Kasanda.

"Mama Princesse," Florentin alisema.

"Papa Princesse," Fidélie alijibu.

Msomaji, usije ukadhani hawa waliwahi kuwa mke na mume. Hata wapenzi hawakuwa. Ngoja nikueleze, maana jambo hili mimi hadi leo linanishangaza.

Mwaka 2002 Kindu ilikuwa imezingirwa. Hakuna aliyethubutu kwenda shambani, na watu walikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Chakula kilikuwa kwa wenye bunduki tu, kwa hiyo wasichana walitumwa kwa wenye bunduki. Wakubwa walijua, wakanyamaza. Fidélie alikuwa na miaka kumi na sita. Kamanda mmoja alimpa unga, kisha akafunga mlango.

Tumbo lilipoonekana, mjomba wake Soudi alikuwa na swali moja, lile linaloulizwa katika kila nyumba: "Mimba ya nani?" Fidélie alijua kwamba akimtaja kamanda, mjomba angekwenda kudai haki na asingerudi. Akataja jina la kwanza lililomjia: Florentin, mwana wa karani wa reli, mvulana wa darasa la juu aliyewahi kumwazima rula. Basi.

Kwetu msichana mwenye mimba hupelekwa kwao mwanamume. Asubuhi mjomba na shangazi walimsimamisha na kifurushi chake mlangoni pa Kasanda, mtaa wa Mikelenge. Mama Mamy, mama yake Florentin, alipiga mayowe hadi majirani wakatoka. Baba akamgeukia mwanawe, amwulize kama ndiye.

"Njo weye?"

Florentin alimtazama yule msichana aliyekuwa akitetemeka. Akasema, "Njo miye."

Hebu fikiri! Kijana wa miaka kumi na minane, mtihani wa taifa u karibu, hana kosa hata la kutupa jicho. Shule iliwafukuza wote wawili. Baba hakutaka tena kumwona Florentin, naye Florentin akaenda Kama kuchimba dhahabu. Mama Mamy alimpokea mtoto, Princesse, akamlea akijua ni mjukuu wake wa damu, naye Fidélie akarudi shule kwa kuchelewa, akawa mwalimu. Simu zilipofika, kila Jumapili Princesse alimpigia Florentin: Papa hivi, Papa vile. Fidélie hakuthubutu kuishika ile simu. Aliamini Florentin anamchukia. Florentin naye aliamini mwalimu anamdharau mchimba udongo.

Sasa walikuwa wamebanana kwenye ubao mmoja wa mtumbwi.

"Papa Princesse, kwa nini haukunikana siku ile?"

Florentin alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.

"Ningekataa, wangekupeleka ku mulango gani?"

Fidélie aligeuza uso kwenye maji. Alikuwa ameomba maelezo kwa Mungu miaka yote, na maelezo yenyewe ndiyo haya! Moyo wake ulijaa hofu ile ya mtu aliyeingia kanisani akakuta kweli kuna mtu ndani.

Basi simu zikaanza.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula. Na weye, mutu wa Kama, unajua kupika ao unakula mawe?"

"Nakula mawe. Sina mupishi."

"Tafuta."

"Njo natafuta, chérie. Nimeanzia na hii namba."

Fidélie alicheka peke yake jikoni, yeye mwalimu mzima, mwiko mkononi, fufu likiungua. Na mwezi wa tatu wa simu hizo Florentin alimwambia wazi: "Nataka kukuoa. Sasa kwa kweli."

Fidélie angesema ndiyo palepale. Lakini wiki ile mwanafunzi wake wa miaka kumi na mitano alikuwa amekutwa na mimba, na uani pa shule wajomba walikuwa wakimzunguka: ya nani, ya nani. Swali lile lilimnyima Fidélie usingizi.

"Kwanza nimwambie Princesse," alisema.

"Umwambie nini?"

"Kila kitu."

"Fidélie, mu ile mugodi sikutoka na kitu. Sina nyumba, sina diplome. Niko na mutoto mumoja tu anayeniita Papa. Unataka kuninyang'anya?"

"Florentin, mupenzi..."

Akakata. Siku tisa hakupiga wala kupokea. Fidélie aliona amempoteza, na bado aliona hawezi kujenga ndoa juu ya lile jina alilolitaja kwa woga.

Alimtumia ujumbe wa siku atakayosema, na siku ya kumi, Jumamosi mchana, alivuka hadi Mikelenge. Princesse, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa barazani na bibi yake wakichambua mchele. Na Florentin alikuwepo, amesimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, uso wa mtu anayengoja hukumu.

"Sema," alimwambia Fidélie. "Nimekuja nisikie nikiwa hapa."

Fidélie akasema: njaa, unga, kamanda, jina. Hakulia. Mama Mamy aliacha mchele, akamtazama mwanawe kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Princesse aliweka chini ungo wa mchele.

"Hiyo ilikuwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na mbili."

"Mama, basi ulikuwa na miaka kumi na sita."

"Ndiyo."

"Ulikuwa mutoto. Mama! Ulikuwa mutoto. Hakuna hata mutu mumoja alikuambia vile?"

Hakuna. Miaka yote hiyo Fidélie aliitwa malaya, kisha akaitwa jasiri, na kila mtu alitaka kujua mimba ilikuwa ya nani. Kilio kikamtoka ambacho hakujua kama bado anacho, na binti yake akamkumbatia na kumbembeleza.

Florentin alianza kurudi nyuma kuelekea uani.

"Papa, unaenda wapi?" Princesse aliita, hasira na machozi pamoja. "Mama analia na weye unatoka? Kuja hapa!"

Neno lile, Papa, lilimsimamisha Florentin. Kisha akaja, akachuchumaa mbele yao, asijue mikono aiweke wapi.

Fidélie alifuta pua kwa ncha ya liputa. "Kesho asubuhi uende kwa mujomba Soudi," alimwambia, bado akilia. "Umuombe vizuri. Mi nimeshakubali."