Macho ya Mzee Tan

Bi Mou aliishi kijiji kimoja cha wilaya ya Guang'an pamoja na mumewe, Mzee Tan, mwana wao Yonglu, na Suhua, mke wa Yonglu. Asubuhi alilisha nguruwe, kisha akapika uji wa mchele. Mzee Tan alikuwa mchonga mawe, lakini sasa kifua kilimbana. Alishinda mlangoni na kiko chake, akibishana na kila apitaye.

Wakati wa mavuno ya mwaka 1996, Suhua alikuwa akipura mpunga. Kapi likamwingia jicho la kulia. Bi Mou akamkamulia jichoni maji ya majani, kama mama yake alivyomfanyia zamani. Siku ya nne jicho lilikuwa jekundu kama pilipili. Walipofika hospitali walikuwa wamechelewa. Kidonda kilipona, lakini kiliacha utando mweupe. Jicho halikuona tena.

Jirani yao Xiong alikuwa muuguzi wa macho. Hakumlaumu mtu. Aliwaambia kwamba kapi likiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Majani huongeza vijidudu.

"Sasa tufanyeje?" Suhua aliuliza.

"Mbele ya jicho pana kioo chembamba, kama kioo cha saa," alisema Xiong. "Chako kimeharibika. Kinaweza kubadilishwa, lakini hakitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu aliyekufa, watu wake wakikubali."

Jina la Suhua likaandikwa hospitali. Miezi ikapita. Wenye kungoja walikuwa wengi, wenye kutoa wachache.

Februari iliyofuata, Deng Xiaoping, aliyekuwa kiongozi wa nchi, alifariki Beijing. Alizaliwa Guang'an, na wilaya nzima ikakusanyika penye televisheni. Mzee Tan alisimulia kana kwamba walichunga nyati wa kufugwa pamoja. Alieleza jinsi Deng alivyopanda meli kwenda Ufaransa akiwa na miaka kumi na sita, akafanya kazi kiwandani. Aliangushwa madarakani mara tatu, na kila mara akarudi. Chini ya uongozi wake wakulima waligawiwa mashamba ya kulima wenyewe, na njaa ikapungua. Wako pia waliomlaumu, hasa kwa damu ya waandamanaji iliyomwagika Beijing mwaka 1989. Hayo Mzee Tan hakuyataja.

Kisha ikatangazwa kwamba Deng aliagiza vioo vya macho yake wapewe wengine, na majivu yake yamwagwe baharini. Mzee Tan akaweka kiko chini.

"Na mimi nataka hivyo," alisema. "Macho yangu yatolewe."

"Baba Yonglu, yule alikuwa mkubwa wa nchi," Bi Mou alijibu. "Huko alikokwenda hakosi wa kumshika mkono. Wewe kipofu utashikwa na nani?"

"Nitakushika wewe ukija."

"Basi utangoja sana. Mimi bado nina nguruwe wa kulisha."

Lakini moyoni Bi Mou aliogopa. Alimwendea Xiong, akamuuliza kama uso wa marehemu hubaki na mashimo. Xiong alisema hapana. Huchukuliwa kile kioo tu, jicho hufungwa, na uso hubaki vilevile. Hata macho ya wazee hufaa. Ila kazi ifanywe mapema, saa chache tu baada ya kifo. Kwa hiyo watu wa nyumbani wapatane mapema. Bi Mou alisikia yote, akaenda kulisha nguruwe wake.

Mzee Tan alifariki mwezi wa kumi, asubuhi, uji ukiwa bado mezani. Majirani walianza kuingia. Yonglu alikataa katakata macho ya baba yake yatolewe.

"Watu watasema tumemuuza baba," alisema.

Suhua alikuwa akiwamiminia wageni chai. Jicho moja lilimdanganya. Maji ya moto yakapita pembeni mwa kikombe, yakamwagikia mkono wake. Akaufuta na kuendelea. Bi Mou alimtazama kwa muda.

"Mwaka mzima tumekaa hapa tukimngoja mtu afe, na watoto wake wakubali," alimwambia Yonglu. "Leo zamu ni yetu, tunaficha mikono. Kamwite Xiong."

Yonglu aliinama. Kisha akavaa viatu, akaenda.

Daktari alifika kabla ya adhuhuri. Kazi haikuchukua saa nzima. Bi Mou alipofunua shuka, uso ulikuwa uleule, na ile mikunjo ya ubishi midomoni. Hapo ndipo alipolia.

Vile vioo viwili vilipewa watu wawili wa mbali, waliotangulia kuandikwa. Majina yao hayakutajwa. Suhua alibaki akingoja. Zamu yake ilifika majira ya baridi. Bandeji ilipofunguliwa aliona ukungu, kisha dirisha, kisha Bi Mou.

"Mama, umekonda," alisema.

Bi Mou alimuuliza Xiong ni nani aliyetoa. Xiong akajibu kwamba hilo halisemwi.

Siku ya kila mwaka ya kusafisha makaburi, Bi Mou, Yonglu na Suhua walipanda kilimani. Kabla ya hapo wote watatu walikuwa wamekwisha kuandika majina yao hospitali, kuwa watatoa macho yao. Bi Mou alimchomea mumewe ubani, akammiminia pombe kidogo. Kisha akasogea hatua mbili, akachoma ubani wa pili chini, mahali pasipo na kaburi.

"Huu wa nani, mama?" Yonglu aliuliza.

"Wa yule ndugu yetu," alisema Bi Mou. "Jina lake silijui."