Lori la Mama Haliuzwi

Sogea karibu, kaa vizuri. Leo kuna lori bishi, na mtoto aliyelizidi ubishi.

Mtoto huyo aliitwa Atupele. Alikaa Tukuyu, penye mvua nyingi na ndizi nyingi. Mama yake alikuwa dereva, akibeba ndizi kwa lori la bluu.

Siku moja lori lilirudi nyumbani likilalamika. Ngrrr, ngrrr, ngrrr. Gurudumu la mbele lilinguruma na kuyumba.

Mama akasema beringi imekufa. Beringi ni duara la chuma ndani ya gurudumu. Ndiyo inayolifanya lizunguke vizuri.

Mara akaja jirani, Bwana Mwalusamba, mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaligonga lori, ko, ko, ko. Akasema limezeeka. Bora auziwe, alikate vipande.

Mama akatazama chini. Atupele alimwona, na moyo ukamwuma.

Akapanda kwenye ngazi ya lori. Akashika mlango kwa mikono miwili.

"Shikamoo," alisema, maana adabu ni adabu. "Lori letu haliuzwi. Ng'o."

Bwana Mwalusamba akacheka. Akauliza nani atalitengeneza, na fundi yuko mbali.

"Mama," alisema Atupele. "Na mimi."

Basi Mama akainua kichwa. Akaenda dukani, akarudi na beringi mpya na kopo la grisi. Akakunja mikono ya shati.

Wakazuia magurudumu kwa mawe, lori lisikimbie. Jeki ikalinyanyua, kwi, kwi, kwi. Tairi likatoka, likabaki gurudumu la chuma tupu. Beringi mbovu nayo ikatoka, nyeusi kama ukoko ulioungua.

Bwana Mwalusamba akakalia ndoo, atazame. Akasema hawataweza, wanajisumbua tu.

"Lori letu haliuzwi," alisema Atupele. "Ng'o."

Mama akaweka grisi kiganjani. Akaisukuma ndani ya beringi, pwichi, pwichi, mpaka ikatokeza upande wa pili. Atupele naye akasukuma, pwichi, pwichi. Alijipaka mpaka viwiko.

Beringi ikaingia mahali pake. Mama akafunga nati. Bwana Mwalusamba akasema kaza. Kaza tena. Mama akakaza kwa nguvu zake zote.

Atupele akalisukuma gurudumu. Wapi. Halikuzunguka.

Bwana Mwalusamba akatabasamu. Si aliwaambia?

Atupele akakasirika, machozi yakamlenga. Lakini hakuondoka. Alilitazama gurudumu, akawaza.

"Mama, limebanwa," alisema. "Hata mimi ukinikaza mkanda wa sketi, siwezi kukimbia. Legeza kidogo."

Mama akalegeza nati, kidogo tu. Atupele akasukuma tena. Gurudumu likazunguka. Likazunguka, likazunguka, wala halikunguruma.

Bwana Mwalusamba akasimama. Akalisukuma mwenyewe kwa kidole. Likazunguka.

"Haya," alisema. "Haliuzwi."

Wakarudisha tairi, wakakaza nati zake. Jioni Mama akawasha lori ili walijaribu. Atupele akakaa kando yake. Aliapa hatalala mpaka warudi.

Wakapita mashimo. Wakapanda kilima. Lori lilitembea taratibu, kimya, kimya. Mbishi wetu akafumba jicho moja. Kisha akafumba la pili.

Mama akambeba mpaka kitandani. Akamfunika blanketi, akainama sikioni.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mimi nilikaribia kuliuza."