Kocha na Goti la Springi

Asubuhi moja nilinyoosha mkono nichukue kikombe changu cha chai. Mke wangu akanipiga kofi la mkononi.

"Usimguse! Huyo ni mpigaji wa kushoto."

Nikatazama meza. Vikombe vyote vya nyumbani vilikuwa vimepangwa safu mbili, vitatu mbele, vitatu nyuma. Kopo la sukari lilikuwa mwamuzi. Chai yangu ilikuwa inapoa ndani ya mpigaji wa kushoto.

"Nina kazi saa mbili," nikasema.

"Na mimi nina watu wasiosikia! Nimewaambia mara mia, mpira ukija pale, wewe nenda hapa. Mara mia! Wanasimama tu kama nguzo za umeme."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Mke wangu ni kocha wa mpira wa wavu. Yeye mwenyewe alicheza miaka kumi na miwili, na alicheza vizuri. Alipoacha kucheza, kiwanda cha kushona sare kilimwajiri afundishe timu yake ya wanawake. Ni kazi ya mkataba, si ya kujitolea. Tulifurahi sana. Furaha yenyewe ilidumu wiki tatu.

Baada ya hapo ikawa kelele. Alipiga kelele uwanjani, kisha akazibeba hadi nyumbani. Nikiacha mlango wa jokofu wazi, filimbi. Nikikawia bafuni, filimbi. Mimi ni fundi wa majokofu. Kutwa nzima nasikiliza mashine zinazonguruma. Jioni nilitaka kimya tu, lakini kimya nilikipata wapi?

Timu nayo ilikuwa inapungua. Ilianza na wanawake kumi na wanne. Watano wakaacha. Mmoja alisema ana mtoto mchanga. Mwingine alisema ana kiungulia. Watatu hawakusema kitu, walianza tu kutokea mlango wa nyuma wa kiwanda ili asiwaone. Meneja akamwita mke wangu ofisini. Alimwambia kwamba wachezaji wakibaki chini ya wanane, timu itavunjwa na mkataba utaishia hapo.

Mke wangu alirudi nyumbani amevimba. "Kosa langu mimi? Wao hawataki kujikaza, kosa langu?"

Ndani ya nyumba yetu alikuwepo mchezaji mmoja wa timu hiyohiyo. Ni dada yangu mdogo, anayefanya kazi kwenye mashine za kukata vitambaa. Anaruka juu kupita wote, ndiyo maana wanamwita Springi. Kwa hiyo uwanjani mke wangu alikuwa kocha wake, na nyumbani alikuwa wifi yake. Mimi nilikuwa katikati, na katikati hakuna raha.

Tunakaa ghorofa ya tatu. Siku moja nilimkuta Springi kwenye ngazi. Alikuwa anapanda kama bibi kizee, mkono mmoja ukutani.

"Una nini?"

"Sina kitu, kaka."

"Mbona unachechemea?"

"Goti tu. Litapoa. Tafadhali usimwambie wifi."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Atasema nadeka. Unamjua."

Nilimjua. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ninakujutia mpaka leo.

Alhamisi iliyofuata niliitwa kiwandani kutengeneza jokofu la kantini. Dirisha la kantini linatazama uwanjani. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jokofu, lakini sauti ya mke wangu ilinifikia hadi kule.

"Juu! Ruka juu! Wewe wa nyuma, umelala? Mikono! Miguu! Macho! Rudia!"

Mtu mmoja ana mikono, miguu na macho, lakini hawezi kuvirekebisha vyote kwa pamoja. Hata mimi nisiyejua mpira niliona hivyo. Mwanamke mmoja mfupi, mshona vifungo, alikuwa anageuka kila upande kama aliyepotea sokoni. Kila akigeuka, alikuta kosa jipya.

Springi akaruka. Alipotua, mguu ulikunjika. Akaanguka ubavu.

"Inuka!" mke wangu akapiga kelele. "Jikaze kisabuni! Mpira hauwasubiri wanaodeka!"

Springi akajaribu kuinuka. Hakuweza. Akakaa chini, akajifunika uso kwa viganja viwili, akalia kwa sauti. Niliacha bisibisi na mlango wa jokofu wazi, nikakimbia.

Tulimpeleka hospitali. Hakuna mfupa uliovunjika. Daktari alimpa dawa ya kutuliza maumivu, akamwambia apumzishe mguu na aanze tiba ya viungo. Bahati nzuri, jirani yetu wa ghorofa ya chini anafanya kazi hiyo. Kazi yake ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao. Mtaa mzima tunamwita Dada Viungo. Jioni ile alipanda kwetu, hata viatu vya kazini hajavua. Akaketi mbele ya Springi, akaligusa goti polepole, chini ya pia, kile kifupa cha mbele.

"Hapa?"

"Aii! Hapohapo."

"Limekuuma kwa muda gani?"

Springi akamtazama wifi yake, kisha akatazama sakafu. "Wiki sita."

Mke wangu akaruka kutoka kitini. "Wiki sita! Wiki sita unaumwa na mimi nakurusha tu? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, wifi?" Springi akasema. "Kila nikifungua mdomo, filimbi ilikuwa mdomoni mwako."

Mke wangu akainuka. Akaenda jikoni. Tukasikia sufuria zinagongana, ingawa chakula kilikwisha kupikwa.

Dada Viungo hakumfuata. Alimaliza kwanza kazi yake. "Kano iliyo chini ya goti imechoka," alimweleza Springi. "Kuruka sana bila kupumzika ndiko kunakoichosha. Ungeacha kuruka wiki ya kwanza, pengine ungepona haraka. Sasa itachukua miezi. Nitakupa mazoezi mepesi. Utayafanya kidogokidogo, na ukisikia maumivu makali utasema. Umesikia? Utasema."

Kisha akanigeukia. "Shemeji, mwite mkeo."

Mke wangu akaja, macho mekundu. "Najua unachotaka kusema. Basi, naacha. Kesho napeleka barua. Nimechoka nao, nao wamenichoka."

"Sikuja kukuachisha kazi," Dada Viungo akasema. "Nimekuja kukuuliza. Ukocha ulisomea wapi?"

"Kusomea? Nimecheza miaka kumi na miwili! Nikasomeshwe mpira leo?"

"Mpira unaujua. Lakini ulipokuwa unacheza, uliusikiliza mwili wako mwenyewe. Sasa una miili tisa isiyo yako. Utaisikiaje usipouliza?"

"Nikianza kuuliza watanipanda kichwani."

"Nani alikuambia? Mimi nimefanya kazi na timu nyingi. Kocha aliyefundishwa kazi yake huanza kwa kuuliza: nani ameumia, nani hakulala, nani ana jambo. Dakika kumi tu. Akishajua, ndipo anapopanga mazoezi. Na akimrekebisha mtu, anampa jambo moja. Likikaa vizuri, anampa la pili. Na anawapa siku za kupumzika, kwa sababu mwili hujijenga ukiwa umepumzika. Hayo yote yanafundishwa kwenye kozi ya makocha."

"Na uvivu je? Wengine ni wavivu tu!"

"Wapo. Lakini kuchoka si kuumia, na kuumia si uvivu. Usipouliza, vyote vitatu utaviona sawa."

Nikaona nami nitie neno. "Mke wangu, mimi nikiitwa na mteja, silifungui jokofu kwanza. Namuuliza, lilianza lini, linanguruma vipi, linavuja wapi. Nikiacha kuuliza, nafungua skrubu ishirini bure."

Akanikazia macho. "Unanifananisha na jokofu?"

"Nakufananisha na fundi."

Dada Viungo akacheka. Kisha akasema kwa upole, "Alikuja mtu kwangu na magongo mawili. Tulihangaika naye miezi saba. Alinitukana, nikavumilia. Siku moja akaondoka, nikayakuta magongo kwenye chumba changu cha tiba. Ameyasahau! Alikuwa amefika kituo cha basi bila kukumbuka kwamba ameyaacha. Mshahara wangu siukatai, lakini siku ile nilijua kwa nini naamka asubuhi. Wewe bado hujaionja siku kama hiyo. Utaachaje kazi kabla hujaionja?"

Siku mbili mke wangu alizunguka nyumbani amenuna. Siku ya tatu aliniuliza kana kwamba ni jambo dogo, "Ile kozi ya makocha ya chama cha mpira wa wavu, ni Jumamosi ngapi?"

"Nane," nikasema. Nilikuwa nimeshaulizia.

"Mbona unajua?"

"Kwa sababu na mimi naishi humu ndani."

Alisoma Jumamosi nane. Kila Jumamosi alirudi analalamika. Mwalimu anaongea taratibu mno. Kiti hakina mto. Wanafunzi wenzake wanauliza maswali ya ajabu. Lakini daftari lake lilikuwa linajaa. Aliandika jinsi ya kupasha mwili moto kabla ya mazoezi, jinsi ya kumfundisha mtu kutua kwa magoti yaliyokunjika kidogo, jinsi ya kupanga wiki. Ukurasa mmoja uliandikwa kwa herufi kubwa: ULIZA. KISHA NYAMAZA.

Huko kunyamaza ndiko kulimtesa.

Siku ya kwanza ya kujaribu, aliwakalisha wachezaji wanane kwenye duara. Nilikuwepo, kwa sababu jokofu la kantini lilikuwa limesumbua tena. Kwanza aliwaomba radhi kwa yaliyompata Springi. Kisha akauliza, "Haya, mnaonaje? Mna tatizo gani?"

Kimya.

"Semeni tu."

Kimya. Wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Leo tumekosa nini jamani?" Walidhani ni mtego.

Nikaona uso wa mke wangu unabadilika. Mguu wake ulianza kugongagonga chini. Nilimjua: bado kidogo alipuke. Akajiuma mdomo. Akatazama mbingu. Akahesabu vidole vyake vyote kumi, kisha akavihesabu tena.

Mwishowe mshona vifungo akanyoosha mkono. "Kocha, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Pale unaponiweka, jioni jua linanipiga machoni. Mpira siuoni kabisa. Nausikia tu ukinipita."

Mke wangu akabaki ameduwaa. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Yaani mwaka mzima nakugombeza kwa sababu ya jua?"

"Ndiyo, Kocha."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Wote wakaanza kucheka. Siku ileile wakabadilisha saa ya mazoezi, wakaanza jua likishashuka nyuma ya ghala. Mshona vifungo akaanza kupokea mipira. Ikawa kama wamemwajiri mtu mpya.

Nisiseme mambo yote yalinyooka. Kuna wiki alisahau, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Kuna mchezaji aliyekuwa mvivu kweli, na akabaki mvivu. Lakini waliokuwa wanatokea mlango wa nyuma walianza kusimama pembeni kutazama. Wawili wakarudi. Kisha mwenye kiungulia naye akarudi, na kiungulia chake hatukukisikia tena. Springi alifanya mazoezi yake mepesi chini ya macho ya Dada Viungo. Baada ya miezi minne aliruhusiwa kurudi uwanjani, kwa muda mfupi mfupi. Meneja akaongeza mkataba wa mke wangu miaka miwili.

Siku niliyoielewa kazi ya mke wangu ni siku walipocheza na timu ya kiwanda cha viatu, waliokuwa wanawafunga kila mwaka. Seti zilikuwa mbili kwa mbili. Seti ya mwisho timu yetu ilikuwa nyuma pointi nne. Mke wangu akasimamisha mchezo. Sheria inampa kocha nusu dakika tu. Zamani angeijaza kelele.

"Mnaona nini?" akauliza.

"Yule mrefu wao amechoka," Springi akasema. "Haruki tena."

"Basi tupige upande wake," mshona vifungo akasema. "Nipandishieni mimi. Nitapiga."

Wote wakamgeukia. Hakuwahi kuomba mpira hata siku moja. Mke wangu alitaka kusema kitu, nikaona midomo inacheza. Akaifunga. Akatikisa kichwa kukubali, wakarudi ndani.

Wakapiga upande wa yule mrefu, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Pointi zikalingana, kisha tukawapita moja. Mpira wa mwisho mshona vifungo aliupiga kwa nguvu zake zote, ukagusa mkono wa mpinzani ukatoka nje. Tumeshinda! Kiwanda kizima kikasimama juu ya mabenchi.

Nilipomfikia mke wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Wachezaji walikuwa wamesongamana upande wa pili wa uwanja. Walikuwa wanabishana, mikono hewani, wakirudia ule mpira wa mwisho. Nani alisimama wapi, nani alipandisha, wiki ijayo wafanyeje.

"Watazame," mke wangu akasema. "Hawajaniuliza hata swali moja. Nimesoma Jumamosi nane, nimekausha koo mwaka mzima, na sasa hawanihitaji! Watu gani hawa?"

"Unalalamika?"

"Nalalamika sana!" akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na meno yote yalikuwa nje. "Hata hukumsikia? 'Nipandishieni mimi,' anasema. Mimi sikumfundisha kusema vile."

"Nani alimfundisha, basi?"

Alijifuta uso kwa mkono wa fulana, akavuka uwanja, akajipenyeza katikati yao. Akasimama, mikono nyuma, anasikiliza.