Saa za Kushuka

Fundi alifunika cherehani yake saa kumi na mbili kasoro, akazima pasi, kisha akautazama mkono wake wa kushoto kuhakikisha haujaungua. Hiyo ilikuwa tabia mpya. Wiki mbili nyuma aliuegemeza kwenye pasi ya moto akiwaza mambo yake, asijue kitu mpaka aliposikia harufu. Aliyepiga kelele ni mteja. Yeye alisema tu, "Aa, kumbe," akaendelea kukunja pindo la sketi.

Ganzi hiyo ilikuwa imemshika miezi minane. Hakulia, hakucheka, chumvi na sukari kwake zilikuwa mamoja. Watu walimsifu kwamba ana subira. Subira gani! Mtu aliyekufa ganzi hasubiri kitu, anakaa tu.

Jioni ile alikuwa na shughuli moja ndogo: kwenda duka la vitabu, ghorofa ya kwanza juu ya kinyozi, akachague kitabu cha mwongozo wa njia za mlimani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, kijana aliyependa milima kuliko kula, aliingia hifadhi ya taifa Ijumaa moja, peke yake, awe amerudi Jumapili. Hakurudi. Jumanne askari wa hifadhi walijiandaa kuanza msako, lakini kwanza wakafungua daftari la langoni, lile ambalo kila mpanda mlima husaini akiingia na kusaini tena akitoka. Saini ya kutoka ilikuwepo. Jumapili, saa kumi na moja jioni.

"Huu ni mwandiko wa mdogo wako?" askari alimuuliza Fundi.

Aliutazama. Herufi zilikuwa za mdogo wake, ila zimesimama wima mno, kama za mtoto anayenakili ubaoni. Lakini Fundi alitaka sana mdogo wake awe ameshuka. Akasema, "Ndiyo. Ni wake."

Msako ukafutwa palepale. Aliyetoka mlimani hatafutwi mlimani. Polisi nao walisema mtu mzima akichoshwa na ndugu zake huhama, wavumilie, ipo siku atapiga simu.

Hilo "ndiyo" lilimkwama Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Sasa alikuwa ameamua: Jumamosi angeipita njia ile mwenyewe, hatua kwa hatua, amtafute mdogo wake, au walau mifupa yake. Na mtu ambaye hajawahi kupanda hata kichuguu haendi mlimani bila kitabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Leo umekuja kununua, au umekuja kuniletea ile sketi uliyoniahidi kabla sijaota mvi?"

Mwenye duka aliitwa Bibi Miwani kwa sababu alikuwa na miwani mbili, moja puani na moja kichwani, na kutwa nzima alikuwa akitafuta ya tatu. Aliposikia shida ya Fundi aliacha utani. Akaweka vitabu viwili juu ya meza.

"Hiki kinene kina picha nzuri, lakini ni kizito. Hiki ni cha kusoma ukiwa kitandani. Hiki chembamba ndicho cha safari. Tazama, ramani inakunjuka. Mahali pa maji pameandikwa. Vibanda vya kulala vitatu, vyote vimo. Na kila kipande cha njia kina saa za kupanda na saa za kushuka. Kitabu kisichokwambia saa za kushuka kitupe. Wahenga hawakukosea, mpanda ngazi hushuka."

Akaenda kufunga madirisha ya nyuma kabla mbu hawajaingia. "Ukiwa na swali muulize msaidizi wangu," alisema akiondoka. "Yuko huko nyuma ya rafu. Anazijua njia hizo kuliko walioziandika."

Fundi akabaki na vitabu vyake viwili. Mwanga dirishani ulikuwa unafifia.

Chwa... chwa...

Sauti ya buti zilizojaa maji. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Chwa... chwa...

Kisha harufu ikafika. Majani yaliyooza. Moshi wa kuni mbichi, uliopoa zamani.

"Karibu, dada."

Alisimama mwisho wa rafu, nusu mwangani, nusu gizani. Kijana mrefu, sura haionekani vizuri, koti limefungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. Alilitamka lile "dada" kwa kulivuta mwishoni, vilevile alivyokuwa akilivuta mdogo wake. Mtu mwingine angesisimka mwili mzima. Fundi hakusisimka. Aliona tu kwamba vidole vyake vimekishika kitabu kwa nguvu sana, akashangaa kwa nini.

"Hicho cha picha kiache," kijana alinong'ona. "Picha zake zote zilipigwa asubuhi. Mlima wa asubuhi siyo mlima wa jioni."

"Na hiki chembamba?"

"Si kibaya. Ila aliyekiandika alipita tu. Hakulala."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitabu cha tatu. Hakikuwa na jalada. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu.

Fundi akakifungua. Lango hadi kibanda cha kwanza, saa mbili. Cha kwanza hadi cha pili, saa moja na nusu. Cha pili hadi cha tatu, saa mbili. Halafu, kwa maandishi yaleyale: cha tatu hadi cha nne, ukitembea taratibu, utafika giza likiingia.

"Hiki kingine kinasema vibanda ni vitatu."

"Walihesabu mchana, dada."

Akafunua tena. Akarudi nyuma. Akafunua.

"Mbona hakuna saa za kushuka?"

Kijana alisogea karibu. Alinyoosha mkono kumwonyesha ukurasa, na mkono wa koti ukapita chini ya macho ya Fundi.

Koti lilikuwa la buluu. Chini ya kiwiko palikuwa na mchaniko ulioshonwa kwa uzi wa kijani. Kuna siku uzi wa buluu ulimwishia, na mdogo wake alikuwa na haraka zake, akamwambia, "Weka wowote dada, mlimani nani atanitazama?" Fundi huujua mshono wake hata gizani. Kila mishono mitatu hurudi mmoja nyuma. Hakuna mwingine mjini anayeshona hivyo.

"Koti hilo..." alisema, na sauti yake ikatoka ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya kitambaa. "Umelipata wapi?"

"Nilimwambia nasikia baridi. Akalivua, akanivika mwenyewe." Akaupapasa ule mshono. "Ana huruma sana mdogo wako."

"Yuko wapi?"

"Kibanda cha nne."

"Yu hai?"

Kijana akafikiri. Alifikiri kwa dhati, kama mtu asiyetaka kusema uongo.

"Anangoja. Kushuka ni zamu, dada. Mtu akikupa kitu chake kwa moyo wake, unashuka wewe, anabaki yeye. Mimi nilipanda na dada yangu, zamani sana. Tukakaa. Tukakaa mno. Nikapata mimi. Dada yangu bado yuko juu."

Akainama karibu na sikio lake. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Niliandika vizuri? Pale langoni... Nilijitahidi kuufuatisha mkono wake."

Fundi alitaka kupiga kelele. Alikitafuta kilio kifuani mwake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akapekua huku na huku. Hakikuwepo.

Kijana akamsukumia kile kitabu kisicho na jalada. "Chukua hiki. Nenda ukamwone. Atafurahi."

Hata katika ganzi yake Fundi alielewa anachoombwa: apande, abaki. Akakirudisha juu ya meza, polepole, akakishika kile chembamba.

"Nachukua chenye saa za kushuka."

Kijana hakukasirika. Alikipangusa kitabu chake kwa kiganja, akakirudisha ndani ya koti.

"Haya," alinong'ona. "Hiki atakitumia mwingine."

Taa ikawashwa. Bibi Miwani alikuwa amerudi, na kijana alikuwa amekwisha geuka, anapanga vitabu rafuni kama mfanyakazi yeyote duniani.

"Umeona?" bibi alisema, akifunga kitabu kwenye karatasi. "Ni mwezi wa nane huu tangu aje. Mchapakazi. Ila sijawahi kumwona akila, na koti halivui hata joto liwe vipi. Vitambulisho vyake niliviangalia mwenyewe, viko sawa."

Fundi akalipa, akashuka ngazi, akaenda nyumbani. Angemwambia nani? Polisi? Kwamba kuna mtu ana koti lenye uzi wa kijani? Alijiambia angepanda Jumamosi na kurudi na mdogo wake, kisha watu watauliza wanachotaka. Mpango ulikuwa na matundu kama chandarua kikuukuu, lakini hakuwa na mwingine.

Mama yake alikuwa sebuleni, anafuma sweta kwa kupapasa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Ajabu ni kwamba miezi hii miwili mama alikuwa mchangamfu. Alikuwa akiimba jikoni. Fundi aliona ni uzee, akashukuru.

"Mama, keshokutwa nasafiri."

"Safiri salama, mwanangu. Ila usikae sana. Mdogo wako akija atakuuliza."

"Sawa, mama." Huwezi kubishana na mzee anayejifariji.

Ijumaa ilimwishia sokoni, akikabidhi sare za shule, kama Ijumaa zote. Aliporudi jioni alikuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Mama yake hajawahi kutoka peke yake tangu macho yaharibike. Akagonga kwa jirani, shoga yake mama.

"Hukuambiwa?" jirani alisema. "Ameondoka asubuhi na mdogo wako."

"Mdogo wangu... nani?"

"Una wangapi? Si huyo huyo, na koti lake la buluu! Ijumaa zote ukiwa sokoni huja kumwona mama yake. Mama akasema tusikuambie, mwenyewe anataka kukushtukiza. Leo alikuja na kijitabu kichakavu hivi, eti anampeleka mama mlimani akapunge hewa. Mama naye kabeba lile sweta. Anacheka huyo! Anasema huko kuna baridi, atamvika mwanawe mwenyewe."

Fundi hakusikia mengine.

Alipanda basi la kwanza alfajiri. Saa tatu asubuhi alikuwa langoni, kitabu chake chembamba mkononi, hajakisoma hata ukurasa. Askari aliyekuwa zamu ni yule yule wa miezi minane iliyopita. Akamkumbuka, akatabasamu meno yote.

"Dada! Hongera. Kumbe mdogo wako alirudi! Jana alipita hapa na mama yenu."

"Wako wapi?"

"Wameshatoka. Asubuhi hii, saa kumi na mbili. Nadhani mmepishana njiani. Na mama yenu ana nguvu, jamani! Kupanda alishikwa mkono, kushuka katangulia yeye. Macho makali, anaangalia kila kitu kama mgeni."

Akageuza daftari ili Fundi aone.

Safu ya kuingia, mbele ya jina la mama yake, palikuwa na alama ya dole gumba, wino wa buluu, imevuja kidogo pembeni. Mama yake hakukaa darasani hata siku moja. Kila karatasi ya maisha yake, ya ndoa, ya hospitali, ya kiwanja, aliiwekea dole.

Safu ya kutoka palikuwa na saini.

Mwandiko mzuri, wa kulala, wa mtu aliyefundishwa kuandika enzi ambazo mwandiko ulikuwa na bakora nyuma yake. Fundi akayakumbuka maneno ya kijana: dada yangu bado yuko juu.

"Vipi?" askari aliuliza. "Si mwandiko wake?"

Ganzi ikamwachia. Ilimwachia yote kwa mpigo, miezi minane mizima. Aliogopa. Aliumia. Alimtaka mama yake kama mtoto wa miaka minne.

"Siyo," alisema. Kisha akapasua sauti mpaka askari wengine wakatoka nje. "Siyo wake! Mama yangu hajui kuandika! Na ule wa mdogo wangu haukuwa wake, nilikudanganya, nilijidanganya. Wako juu. Wote wawili wako juu, kibanda cha nne!"

Askari aliitazama alama ya dole. Akaitazama saini. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo. Akachukua redio ya upepo, akawaita wenzake kwa sauti iliyokauka: watu wawili hawajashuka, njia ya vibanda, waje na kamba, machela na blanketi. Akauliza kama kuna yeyote anayekijua kibanda cha nne.

Redio ilikoroma kwa muda mrefu bila mtu kujibu.

Simu ya Fundi ikaita ndani ya mkoba. Aliitoa. Kwenye kioo palikuwa na neno moja, Mama.

Akapokea.

Upande wa pili alisikia mlango wa kabati la jikoni kwao, ule unaolia. Mwiko ukigonga sufuria. Kijana akicheka chini chini, huko nyuma... Kisha sauti ya mama yake, ile ile, haikupungua wala kuzidi, ikanong'ona karibu kabisa na sikio:

"Mwanangu... umewaambia nini hao?"