Nukta za Namba ya Gari

Kila asubuhi Aili Koskela alichemsha kahawa, akakata mkate wa iliki, kisha akawasha kompyuta na kumtazama mumewe akifa.

Kwenye picha za kamera ya nyumbani bado ni giza la alfajiri. Reino anazoa theluji kwa koleo mbele ya nyumba. Gari jeupe linakuja kasi, linamgonga, halisimami. Polisi walishindwa kuisoma namba yake.

Siku moja jirani yao Gord, fundi wa kamera, alikuja kumjulia hali Aili na binti yake.

"Ikuze, Gord," Aili alisihi. "Namba si ile pale!"

"Mama, hii siyo sinema," alisema binti yake, Kaisa.

"Wewe nyamaza! Baba yako alinunua kamera ya maana. Sanduku limeandikwa pikseli milioni nane."

Gord akavuta kiti. "Shemeji, pikseli ni nukta. Picha yote imeundwa kwa nukta hizo. Lakini Reino alitaka lenzi pana."

"Ili ione mtaa mzima. Alivyojisifu nayo!"

"Basi nukta zikagawanywa mtaa mzima. Mapaa yakapata zake, anga zake, theluji zake. Namba ya gari ikaambulia chache tu. Nikikuza, siongezi nukta. Napanua zilezile."

"Na huu ukungu?"

"Gizani kamera huacha jicho wazi kwa muda mrefu zaidi, ipate mwanga. Kinachokimbia hutoka kimeburuzika."

"Kwa hiyo namba imefichika?"

"Haikufichika, shemeji. Haimo. Haikuingia tangu mwanzo."

Aili akajifunika uso kwa aproni. Hakuna aliyegusa kahawa.

Kabla theluji haijayeyuka, Gord alifunga kamera ya pili. Hii ilikuwa na lenzi nyembamba, ikatazama kipande kimoja tu cha barabara. Akaweka taa, akafupisha muda wa jicho kufunguka. Ile pana ikabaki kulinda mtaa.

Mwezi Machi, lori dogo liligonga uzio wa jirani likatoroka.

"Wacha we!" alisema Kaisa, akitazama namba ya lori kwenye kompyuta. "Inasomeka kama gazeti!"

Dereva alipatikana siku hiyohiyo. Majirani walikuja kushukuru, na wengine wakamwomba Gord arekebishe kamera zao.

Aili aliwaitikia wote kwa upole. Walipoondoka, akarudi kwenye kompyuta. Magari meupe ni mengi mjini Thunder Bay. Kila lililopita, namba yake ilisomeka wazi, na yeye hakujua ni lipi.